Bibi Harusi Hashiki Bastola

Watu husema nina hasira za karibu, na sikatai. Lakini Jumamosi ile hasira zangu hazikuja zenyewe. Ziliitwa, zikavutiwa kiti, zikakaribishwa chai.

Nilikuwa dukani kwangu asubuhi, mlango nimeurudisha nusu, niko pekupeku, nakimbia kutoka kwenye mashine ya kuchapa jezi mpaka kwenye kabati la vitambaa. Mkononi nilishika bastola ya plastiki, ile ya buluu ya kufanyia mazoezi, isiyoweza kutoa hata mate. Nilikuwa najaribu kurudia kosa langu. Siku mbili nzima nilikuwa nimelia kwa ajili ya kosa hilo, na sasa nilitaka nilione kwa macho yangu, nilijue, nilitoe mwilini.

Alhamisi nilikuwa nimepimwa uwanjani. Kila mgeni wa mchezo wetu wa kulenga shabaha kwa bastola lazima apimwe na jaji kabla ya kuruhusiwa kushindana. Jaji wangu alikuwa Edsel Batucan, mchumba wangu, mwenye pete iliyokuwa kidoleni mwangu. Alisimama nyuma yangu na kipima muda mkononi, nikakimbia, nikapiga, nikabadilisha magazini, kile kisanduku cha risasi, na katikati ya mbio nikasikia sauti yake: "Simama!" Akasema nimevuka bendera.

Bendera ziko mbili, nyekundu, moja kulia na moja kushoto. Ukishachomoa bastola kiunoni, mtutu lazima uangalie mbele kwenye tuta la mchanga, kati ya bendera hizo. Ukimbie, uiname, upige chafya, mtutu ubaki huko huko. Ukigeukia nyuma ya bendera, hata kama hujafyatua, umetoka, kwa sababu nyuma ya bendera wamesimama watu. Hapo hakuna kubembelezana.

Mgeni anapewa nafasi mbili. Akishindwa zote anasubiri mpaka Mei. Shindano la fiesta, sikukuu ya mji wetu, lilikuwa Jumapili inayofuata, na harusi yetu Jumamosi baada ya hapo. Miaka sita nimechapa majina ya watu wengine kwenye migongo ya jezi za shabaha. Nawajua wote kwa mapana ya mabega yao. Mwaka huu nilikuwa nimechapa jezi moja ya kijani, ndogo, imeandikwa TUMULAK, jina la baba yangu, nikaitundika juu ya mashine. Kila mteja aliyeingia aliniuliza ni ya nani, na kila mara nilijibu, "Ya Maridel," nikiona raha kama nimetaja jina la mtoto.

Basi nikakimbia tena kuelekea kushoto. Edsel alisema nilivuka nikikimbia kwenda kushoto huku nabadilisha magazini. Nikajitazama kwenye kioo kirefu cha wateja. Mtutu ulikuwa umeangalia mbele. Nikarudia, mbele. Nikajaribu kuvuka kwa makusudi, kiganja kikaniuma.

Nikasimama palepale.

Mimi ni mashoto. Bastola yangu iko mkono wa kushoto. Edsel anatumia mkono wa kulia, na alinifundisha tukiwa tumesimama uso kwa uso, mimi nikimwiga kama kioo, kulia kwake kukiwa kushoto kwangu. Miezi mitano nilijifunza bastola kwa kumtazama machoni, na Mungu ananijua, saa nyingine nilisahau bastola kabisa. Sasa mtu wa mkono wa kulia akikimbia kwenda kushoto akibadilisha magazini, kiganja chake ndicho kinachogeuza mtutu nyuma. Mtu wa mashoto akienda kushoto, mkono wake unamlinda. Hawezi kuvuka huko, labda avunjike kwanza.

Nikawa bado nimeikodolea macho bastola ya buluu, mlango ukasukumwa. Akaingia Nanay Felisa, mama yake Edsel, na sufuria ya wali wa kunata uliopikwa kwa tui, imefungwa kwa kanga ya maua.

"Inday," aliniita, yaani binti kwa lugha yetu, uso umemjaa tabasamu, "nimekuja kukushukuru."

"Kunishukuru kwa lipi tena, Nay?"

"Kwa usikivu wako. Wasichana wa siku hizi ukiwaambia neno wanakubinulia mdomo. Lakini wewe, Edsel alipokwambia uache mambo ya bastola mpaka harusi ipite, umeacha. Nilimwambia marehemu baba yake pale kwenye picha, nikamwambia, mzee, tumepata mkwe."

Niliiweka bastola ya buluu mezani polepole.

"Edsel aliniambia niache?"

"Si ndiyo? Jumatano nilimkalisha jikoni. Nikamwambia, Dong, mwanangu, watu wakishatangazwa kanisani wanatembea na mkosi. Binti wa jirani yetu Ising alikwenda kununua mishumaa tu, mishumaa, akaanguka na pikipiki, akaolewa na mguu wa plasta! Picha zote za harusi amekaa! Na wako anataka kushika bastola mbele za watu wiki moja kabla? Bibi harusi hashiki bastola. Nikalia mwanangu akaniona. Akanishika mikono, akasema, 'Nay, niachie mimi. Nitalimaliza bila kelele.'"

"Bila kelele."

"Bila kelele. Ndivyo alivyo, mpole kama baba yake. Kula basi, wali bado una moto."

"Nay," nikasema, "naomba unisamehe. Sili."

Nikavaa viatu. Nikachukua begi langu la bastola, mkanda, na ile ya buluu nikaisokomeza kifuani. Nikiwa nawasha pikipiki nilimsikia nyuma yangu, "Inday! Unakwenda wapi? Inday, kofia! Vaa kofia, una mkosi wewe!"

Nikavaa. Sikutaka kumpa ushahidi.

*

Jumamosi uwanjani kuna watu ishirini, thelathini, wote na jezi zangu. Edsel alikuwa pembeni na shati jekundu la majaji, vizuia sauti vya masikio vikining'inia shingoni, anaokota maganda ya risasi na kuyatia ndooni. Aliponiona akanyooka. Ana macho ambayo hucheka kabla ya mdomo, na hata siku ile, na hasira zangu zote, moyo wangu ulipiga ule mpigo wake wa kijinga. Hilo likaniudhi zaidi.

"Langga," akasema. Ndivyo anavyoniita, mpenzi, tukiwa wawili. "Umekuja? Nilidhani..."

"Ulidhani bado nalia?"

"Nilidhani umepumzika. Una mambo mengi, harusi, nguo..."

"Alhamisi nilivuka bendera wapi?"

Akatazama ndoo. "Del, si tulishayaongea?"

"Tuyaongee tena. Mimi mzito wa kuelewa. Wapi?"

"Ulipokuwa unakimbia kwenda kushoto. Unabadilisha magazini."

"Kushoto."

"Ndiyo, kushoto."

"Njoo."

Nikamshika mkono wa shati, nikampeleka kwenye meza ya usalama. Ni meza iliyoelekezwa kwenye ukuta wa mchanga, na hapo tu ndipo unaruhusiwa kushika silaha bila jaji. Nikamkabidhi ile ya buluu.

"Ishike kwa mkono wa kushoto."

"Maridel, watu wanatutazama."

"Waache watazame, nimewavalisha mwenyewe. Shika kushoto. Tembea kwenda kushoto, badilisha magazini, na uvuke bendera. Nionyeshe nilivyofanya."

Akatembea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mgeni na bastola, lakini mtutu uliangalia mchanga. Akarudia polepole zaidi, mtutu ukaangalia mchanga. Mara ya tatu hakufika mwisho. Nikaona shingo yake inageuka rangi ya shati.

"Hilo ni kosa la mtu wa mkono wa kulia, Sel," nikasema. "Ni kosa lako wewe. Ulipotaka kunizushia, hukujisumbua hata kunitazama mimi nikoje. Ulitoa kosa mfukoni mwako ukanivalisha."

"Del..."

"Mama yako ameniletea wali wa shukrani."

Akafumba macho.

"Alilia, Del. Unajua mama hajalia tangu tumzike baba? Alikaa jikoni anatetemeka kama mtoto. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia! Ungesema, 'Maridel, mama anaogopa.' Maneno matatu!"

"Ungekasirika."

"Na sasa nimefanya nini, nimefurahi?" Sauti yangu ilipanda, na mtu mmoja aliyekuwa anajaza magazini akaacha. "Ningekasirika siku moja. Ningevunja sahani, mbili labda. Halafu tungekaa watatu, mimi na wewe na mama yako, tule, tubishane, tuelewane. Lakini wewe umeniacha nilie siku mbili kwa kosa ambalo sikulifanya! Nimekimbia dukani mpaka nyayo zimechubuka, natafuta kitu ambacho hakipo! Nilijiona mjinga, Sel. Nilisema, miezi mitano mwanaume huyu amepoteza muda wake kwangu."

"Sijapoteza hata dakika." Alisema kwa sauti ya chini, akanitazama, na nilijua kwamba hilo lilikuwa kweli. "Nilitaka kulimaliza bila..."

"Usiseme bila kelele. Ukisema bila kelele nakupiga na ndoo hii."

Nong Tibo akaja. Ni jaji mkuu, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu mfupi mwenye kofia ya majani ambaye sisi sote tunamwita Nong kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Kuna nini hapa? Mnanifukuzia ndege."

Nilimwachia Edsel nafasi, na nilimtazama ili ajue kwamba nimemwachia. Ilikuwa nafasi ya kusema sentensi moja.

"Kuna wasiwasi kidogo kuhusu Alhamisi, Nong," akasema Edsel. "Labda... labda sikuona vizuri."

Labda! Neno hilo liliniingia kama mchanga kwenye jicho.

Nong Tibo akatutazama mmoja mmoja, kama anayesahihisha daftari mbili zenye jibu moja. "Basi anayo nafasi yake ya pili. Jumatano au leo?"

"Leo," nikasema.

"Na hasira hizo utaziacha wapi?"

"Getini, Nong."

"Sijakuona ukienda getini."

Nikaenda mpaka getini, nikaligusa, nikarudi. Watu wakacheka, na Nong Tibo naye akatikisa kichwa akicheka. Mimi sikucheka. Na hasira, niseme ukweli, nilirudi nazo zote.

"Jaji atakuwa nani?" aliuliza.

"Huyu huyu. Asimame nyuma yangu, atazame vizuri."

Wakati navaa mkanda, pikipiki ya abiria ikasimama nje. Nanay Felisa akashuka na sufuria yake kwapani. Akatutazama, akaitazama bastola kiunoni mwangu, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kukaa kwenye benchi la watazamaji, upande wa kulia, nyuma ya bendera. Aliikumbatia sufuria.

*

Jaribio lenyewe ni jepesi ukilitazama. Unaanzia katikati, shabaha mbili. Unakimbia kushoto, shabaha mbili. Unabadilisha magazini ukikimbia kulia, shabaha mbili, umemaliza. Kabla ya kuanza unaruhusiwa kutembea njia nzima mikono mitupu, ukinyoosha kidole badala ya bastola. Nilitembea mara tatu. Edsel alikuwa nyuma yangu hatua mbili, kama sheria inavyotaka, na nilisikia pumzi yake.

"Kwenda kulia, Del," alinong'ona, "punguza..."

"Jaji hafundishi," nikamjibu bila kugeuka.

Angenyamaza kabisa ningekasirika, na aliposema nilikasirika. Ndivyo siku ilivyokuwa.

"Pakia, jiandae," akasema kwa sauti yake ya kazi.

Nikapakia.

"Uko tayari?"

Niliinamisha kichwa.

"Subiri mlio."

Kipima muda kikalia.

Sikumbuki risasi mbili za kwanza. Nakumbuka kushoto, nilivyokwenda kama maji, nikajisemea, unaona, unaona, mwongo mkubwa wewe, naenda kushoto na mtutu uko mbele. Nikapiga mbili. Nikageuka kwenda kulia, nikadondosha magazini, mkono wa kulia ukachukua nyingine kiunoni, na akili yangu bado ilikuwa kushoto inagombana na Edsel. Mwili ulitangulia. Kiganja kikakunjika kufuata mbio. Na juu ya mtutu, kwa muda wa kupepesa jicho, nikaiona bendera nyekundu ya kulia, halafu nikaona kitu kilichokuwa nyuma yake. Kanga ya maua.

Magazini ikaingia. Nikafika, nikapiga mbili.

Nilingoja lile neno. Halikuja.

"Ukimaliza, toa risasi, onyesha tupu," akasema Edsel. Sauti ilikuwa kavu. Nikatoa, nikaonyesha, nikarudisha bastola kiunoni. "Uwanja uko salama."

Halafu akasema, "Safi."

Watu wakapiga makofi. Mtu akaita, "Tumulak! Tumulak!" Miaka sita nimechapa majina ya wengine, na sasa langu lilikuwa linaitwa kwa sauti na watu wazima. Nikiri kwamba nilitaka kuligeukia jina langu nikatabasamu. Lilikuwa karibu sana. Jezi ilikuwa dukani imetundikwa, fiesta ilikuwa baada ya siku nane, na hakuna aliyeona. Nong Tibo alikuwa upande wa kushoto na karatasi zake, mgongo wangu ulimkinga asione.

Nikageuka nikamtazama Edsel. Mdomo ulikuwa unatabasamu. Macho hayakucheka. Nimejifunzia mchezo huu machoni mwa mtu huyu, hakuna anachoweza kunificha humo.

"Sema tena," nikamwambia.

"Safi, Del. Umepita."

"Nitazame useme tena."

Akanitazama. Kisha akainamisha macho kwenye kipima muda.

"Nong Tibo," nikasema, "usiandike. Nimevuka."

"Jaji amesema safi, Inday."

"Jaji ni mwongo. Nimevuka nikienda kulia, wakati wa magazini. Ameona. Niliona mpaka kanga ya sufuria."

Makofi yakakatika. Kule kwenye benchi Nanay Felisa alitazama kanga, akaitazama bendera, akaelewa, na sufuria ikamteleza mapajani. Aliidaka kabla haijaanguka.

"Del, kwa nini?" Edsel alisogea karibu, ananong'ona kwa hasira sasa, hatimaye naye ana hasira. "Ulikuwa umepita! Nilikuwa nimekurudishia! Ulitaka nini zaidi?"

"Umenirudishia nini? Uongo mwingine?"

"Nilikukosea Alhamisi, nikasahihisha leo!"

"Kwa hesabu za wapi? Alhamisi sikuvuka, ukasema nimevuka, kwa kumwogopa mama yako. Leo nimevuka, ukasema safi, kwa kuniogopa mimi. Na mama yako alikuwa amekaa pale, Sel! Pale! Mwanamke aliyekulilia jikoni, unayempenda kuliko kusema ukweli, nimempitishia mtutu ukanyamaza!"

Aligeuka akalitazama benchi.

"Kazi yako hapa ni neno moja tu," nikasema. "Hata kasuku angelisema. Na leo nikaingoja sauti yako, nikaingoja jamani, kwa sababu nakuamini mgongoni mwangu kuliko mtu yeyote duniani. Nilikuwa nakuamini."

Nong Tibo alikuwa amevua kofia. "Mtu akijitaja mwenyewe, nami namwandika," akasema polepole. "Pole sana, Inday. Mei."

"Mei, Nong. Asante."

Nikafungua mkanda. Sikulia, niliyaambia machozi yasubiri nyumbani. Nikaweka kila kitu kwenye begi, nikalitupa begani, nikaanza kutembea kuelekea getini, kwenye zile hasira nilizodanganya kwamba nimeziacha.

"Simama!"

Ukiwa umezoea uwanja, neno hilo huliamui. Miguu husimama yenyewe. Nikasimama, na kila mtu akasimama. Mwenye ndoo aliganda na ndoo yake, mwenye soda aliganda nayo mdomoni. Nanay Felisa, ambaye hajawahi kushika hata bastola ya maji, aliganda nusu amekaa.

"Alhamisi hakuvuka," alisema Edsel. Alikuwa hanong'oni tena. Alipaza sauti ile ya kazi, inayofika mpaka barabarani. "Mama aliniomba nimkataze, nikaogopa kumwambia, nikamzushia. Leo amevuka, kulia, wakati wa magazini, mtutu ukapita kwenye benchi. Niliona. Nikanyamaza. Na kwenda kulia hivyo ni kwa sababu yangu, sikumfundisha mkono wake, nilimfundisha mkono wangu mimi." Akakiweka kipima muda mezani mbele ya Nong Tibo. "Niandike na mimi, Nong. Sistahili shati hili."

Nong Tibo akakichukua kipima muda, akakitia mfukoni. Hakumbishia.

Aliyefuata ni Nanay Felisa. Alikuja na sufuria yake mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo mtazamaji haruhusiwi kabisa, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Edsel Batucan," akasema, "mimi nilikwambia umkataze. Nilikwambia umzushie?"

"Hapana, Nay."

"Nimekuzaa na mdomo?"

"Ndiyo, Nay."

"Basi!" Akanigeukia, macho yamejaa. "Inday, mimi ni mwoga. Niligombana na baba yake asubuhi, akapanda lori, hakurudi. Tangu hapo naogopa kila kitu. Lakini uoga wangu si wa kukuibia jina lako."

Hapo ndipo karibu hasira zinikimbie, nikazishika kwa nguvu, maana nilikuwa bado nazihitaji. Nikaivua pete. Ilikwama kwenye kifundo, nikaizungusha mpaka ikatoka. Edsel alitoa sauti ndogo kama mtu aliyejikwaa.

Sikumpa yeye. Niliufungua mkono wa mama yake, nikaiweka kiganjani, nikaukunja.

"Mwenye mkosi ni mchumba, si ndiyo, Nay?"

"Ndivyo wasemavyo wazee," akajibu kwa kusitasita.

"Basi nitunzie. Kuanzia leo mimi si mchumba wa mtu, sina mkosi, na sivunjiki mguu. Padri nitamwambia mwenyewe kwamba harusi ingoje. Mei nitapimwa. Nikipita, nitavaa jezi yangu yenye jina la baba yangu, nitashindana. Pete nitakuja kuidai au sitaidai."

"Na mimi?" aliuliza Edsel.

Nilimtazama. Alikuwa amesimama na fulana nyeupe, shati jekundu amelishika mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakunikwepa. Nilimpenda, basi. Nilimpenda na nilitaka kumpiga na ndoo, vyote kwa kiasi kile kile, na sikuwa na mpango wa kumwambia la kwanza.

"Wewe Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, uwe dukani kwangu. Njoo na viatu vya kukimbilia. Utashika bastola ya buluu kwa mkono wa kushoto, na utakimbia kwenda kulia mbele ya kile kioo mpaka nyayo zichubuke kama zangu. Na kila ukivuka bendera, nitaita 'Simama' mimi."

"Halafu?"

"Halafu utasimama," nikasema.

Nikamgeukia mama yake, nikaichukua ile sufuria mikononi mwake. Nilikuwa sijala tangu Alhamisi.